Muulize Shangazi: Huyo "kaka" wa kwenye gemu ni nani?

Mwezi huu inboksi yangu imejaa jambo moja tu. Wale mlioniandikia habari za mawifi na ndoa mnisamehe, mtasubiri toleo lijalo, maana haya ya watoto na simu hayalazwi. Nimechukua barua nne, nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mwenyewe asijulikane, mengine nimeyaacha kama yalivyoandikwa.

*

Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili naishi Tabata, nauza supu na chapati asubuhi kwahiyo nikirudi mchana nakuwa hoi najilaza kidogo na simu anabaki nayo mwanangu wa kiume, miaka 12, darasa la sita. Anapenda Free Fire we acha tu. Kama mwezi umepita nikaona ana daimondi nyingi, zile hela za kwenye gemu, na mi sijatoa hata mia, nikamuuliza akasema kapewa na kaka mmoja wanacheza nae. Nikaona sawa, mambo ya watoto. Sasa juzi usiku nimekaa napiga hesabu za wateja wa mkopo ikaingia meseji WhatsApp namba siijui imeandikwa "umelala? mama ako kalala? futa ukisoma". Nikaishiwa nguvu. Nikapandisha juu kwenye chati hakuna kitu vyote vimefutwa, imebaki picha moja tu ya mwanangu kavaa sare kasimama kwenye geti la shule. Nikaingiza ile namba kama natuma hela ili nione jina, likatokea jina la mwanamke. Shangazi nilimwamsha mtoto nikamchapa, nilimchapa sana, na simu nikaifungia kabatini. Tangu siku hiyo hasemi na mimi, anajibu ndio na hapana tu. Baba yake ni dereva wa malori yuko Tunduma, nimempigia anasema nisikuze mambo labda ni mwalimu wake. Roho yangu haijatulia. Nifanyeje?
Mama wa Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie baba watoto, kwa heshima zote, mwalimu haulizi kama mama kalala.

Hebu tuisome tena hiyo meseji, ni fupi ila imeshiba. "Umelala?" maana yake anajua muda gani mwanao anakuwa na simu, kwahiyo hii si mara ya kwanza wala ya tano. "Mama ako kalala?" hapo anapima kama kuna mtu mzima karibu. Na "futa ukisoma" ndo yenyewe sasa, mtu mwenye nia njema na mtoto wa darasa la sita ana kitu gani cha kufutwa? Miaka niliyofanya kazi ustawi wa jamii, kabla hata ya simu janja, tulikuwa tunakutana na mchezo huuhuu, enzi hizo ilikuwa pipi na chipsi na "usimwambie mama", sahivi ni daimondi na bando. Tofauti ni kwamba zamani ilibidi huyo mtu apite mtaani kwenu, mama ntilie wa kona amuone, majirani waulizane huyu mgeni wa nani. Siku hizi anafika mpaka kitandani kwa mtoto na hakuna aliyesikia hodi.

Hizo daimondi usizichukulie poa, ni deni. Mtoto akishakula cha mtu anaona aibu kumnyima, na mwenzie anajua kabisa kwamba atakuja kudai. Wanaanza na picha ya kawaida, "nione ulivyopendeza", na hiyo ya getini imeshampa jina la shule na rangi ya sare bila hata kuuliza. Alafu mtoto anahamishwa kutoka kwenye gemu ambako wachezaji wengine wanasikia, anapelekwa WhatsApp au Telegram ambako wanabaki wawili. Yanafuata yale ya "mama ako ana kelele, mi ndo nakuelewa", yanafuata maswali ya mwili yanaulizwa kama utani, mtu anaangalia mtoto atacheka au atakimbia, ndo anaombwa picha isiyofaa. Ikishapatikana utani unaisha siku hiyohiyo na vitisho vinaanza, tuma nyingine la sivyo hii naipeleka kwa mama ako. Namuomba Mungu wako awe bado yuko kwenye hatua za daimondi na sare, lakini usijipe uhakika kwa kitu ambacho kimefutwa hujakiona.

Jina la mwanamke lisikutulize wala lisikupandishe hasira kwenda kumtafuta. Ndio laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole, ila watu wanatumia laini za dada wa kazi, za bibi kijijini, za mtu aliyeuziwa kibandani bila kujua. Na inaweza kuwa ni mwanamke kweli, wapo. Polisi ndo wenye uwezo wa kuomba kumbukumbu kwenye kampuni ya simu, wewe ukianza kupiga piga hiyo namba kwa hasira anaitupa laini na ushahidi wenu umeondoka nayo.

Sasa hilo la kumchapa. Sikusemi, mama aliyeshtuka usiku wa manane hashauriki. Ila jua kwamba watu hawa neno lao kubwa kwa mtoto ni "mama ako akijua atakuua", na wewe usiku ule ukaja kumuonyesha kwamba kaka alisema kweli. Ndo maana hasemi. Wanatutegemea ukali wetu hawa, kila fimbo tunayoahidi ("nikukute na ujinga kwenye simu utanitambua!") ni kufuli lingine wanapewa bure. Kwahiyo usimuitie kikao sebuleni, na usimuulize mbele ya mdogo wake. Mchukue mkiwa na kazi ya mikono, kuchambua mchele, kukanda unga, macho yenu yakiwa chini kwenye sinia siyo usoni, umuombe radhi. Ndio, wewe umuombe radhi yeye. Mwambie nilikuchapa kwa vile niliogopa, aliyekosea ni huyo mtu mzima, wewe huna kesi. Alafu nyamaza. Hapo ndo wazazi wengi wanaharibu, wanaongeza "ila na wewe si ungesema mapema". Hiyo "ila" imeze kama kidonge. Akitoa neno moja pokea moja, usimvute, kesho ataongeza.

Simu itoe kabatini, usifute chochote na usimbloku huyo mtu bado, wala usijifanye wewe ni mtoto ukachati nae ili umtegee mje na vijana wa bodaboda mumkamate, nawajua nyie. Piga skrinshoti za namba, meseji, tarehe na saa, na uingie kwenye gemu mwanao akuonyeshe jina la huyo mchezaji na ile namba ya utambulisho iliyoko kwenye profaili yake, jina anaweza kubadilisha kesho ila ile namba ndo inaishika akaunti yenyewe. Ukikutana na picha za utupu za mtoto usizipige skrinshoti na usimtumie mtu yeyote, hata baba yake huko Tunduma, ziache hapohapo upeleke simu nzima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa picha za namna hiyo imeweka faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7 au vyote viwili, na hutaki wewe ndo uanze kujieleza kwanini ulizituma. Ukifika kituoni usiishie kaunta, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiona unazungushwa njoo kesho njoo keshokutwa, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, haikati hela, watakuunganisha na afisa ustawi wa jamii. Ukishakabidhi ushahidi ndo umbloku. Na walimu uwaambie, huyo mtu anajua geti.

*

shangazi mambo, naomba usitaje nilipo. nina miaka 16 niko form three. kuna mtu tulijuana Instagram alisema yuko chuo Dodoma, tumechati kama miezi mitatu ananiita mke wangu ila kila nikipiga video koli anasema kamera yake mbovu. nilimtumia picha, we unaelewa picha gani. sasa anataka elfu 50 la sivyo anazirusha kwenye grupu la darasa na kwa mafolowa wangu wote, ameshanitumia na listi ya majina yao. nimeshamtumia elfu 20 nilimdanganya bibi ni ya mtihani. leo anataka tena. mama akijua ataniua. silali

Mwanangu, uliyefanya sahihi ni wewe, umemwambia mtu. Nakujibu haraka.

Usitume tena hata mia. Ile elfu 20 haikumnyamazisha, ilimwambia kwamba wewe unalipa, ndo maana karudi. Usifute akaunti yako na usifute chati japo najua zinakuchoma. Piga skrinshoti za vitisho, akaunti yake, hiyo listi, na ile meseji ya muamala inayoonyesha hela imekwenda namba gani na jina gani, hiyo moja tu ina thamani kuliko chati nzima. Ukimaliza mripoti Instagram, mbloku, usimjibu. Atakuja na akaunti nyingine kukutisha, nayo usijibu.

Kuhusu picha zenyewe kuna huduma inaitwa Take It Down, inaendeshwa na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ni bure na huulizwi jina. Ni kwa picha yoyote iliyopigwa kabla mtu hajafikisha miaka 18. Unaichagua picha kwenye simu yako, picha yenyewe haiendi popote, inatengenezwa namba ndefu kama alama ya kidole cha hiyo picha na namba ndo inapelekwa kwa mitandao iliyokubali kushirikiana nao, Instagram, Facebook na TikTok wamo, mtu akijaribu kuipandisha pale inatambulika na inaondolewa. Ila ndani ya grupu la WhatsApp huduma hiyo haiwezi kuona, nisikudanganye.

Na huyo "mwanachuo" sidhani kama ana chuo. Hii kwao ni ajira kabisa, listi ya majina, masaa ya mwisho, kamera mbovu, maneno wanayanakili kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Kuna ndugu wawili wa Lagos walikuwa wakiwafanyia hivihivi vijana wa kiume huko Marekani, wakijifanya msichana, walisafirishwa kutoka Nigeria wakashtakiwa na mwaka 2024 kila mmoja akala miaka 17 na nusu. Nimekutajia hao ujue kwamba hawafichiki milele, na ujue pia hata wavulana wanaingia humohumo, siyo ujinga wako wewe peke yako.

Mama atafoka, sikatai. Tafuta wa kukutangulia. Bibi aliyekupa elfu 20 bila maswali naona ndo wa kuanza nae, mwambie ukweli wa ile hela, aende na wewe kwa mama. Ukishindwa kabisa piga 116 leo, hawatakufokea. Na kama kwenye huko kutolala kuna mawazo ya kujidhuru yanapita, usisubiri asubuhi, muamshe mtu yeyote mzima aliye karibu, matroni, bibi, jirani, umwambie sitaki kuwa peke yangu usiku huu. Niandikie tena.

*

Shangazi salaam kutoka Kisauni, Mombasa. Binti yangu ana miaka 14. Mwalimu wake wa tuisheni wa hesabu ni mtu twamheshimu sana, kasomesha hata wakubwa zake, huja nyumbani twala nae. Majuzi nimeona ampigia mtoto meseji saa tano usiku "hujalala mrembo", na nyingine amwambia asionyeshe watu kwa sababu wanafunzi wengine wataona wivu. Binti asema ni mzaha tu. Mke wangu ataka nimuite tuzungumze kiume yaishe, watu wasije wakatuvunjia jina la mtoto. Wasemaje?
Baba wa Kisauni

Wa aleikum salaam baba. Hesabu haisomeshwi saa tano usiku kwa "mrembo".

Tunapofikiria watu wa mtandaoni akili inatupeleka kwa mgeni wa mbali, na ndo kosa letu. ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyanyasaji wa kingono wa watoto, pamoja na INTERPOL na UNICEF walifanya utafiti nchini kwenu na kwetu, ripoti ya Kenya ikatoka 2021 na ya Tanzania 2022, wakahoji watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Kwa mwaka mmoja tu, Tanzania asilimia 4 walikuwa wamepitia unyanyasaji wa kingono wa mtandaoni ulio dhahiri, Kenya ikawa juu ya hapo. Na wengi waliowafanyia hayo hawakuwa wageni, walikuwa watu ambao mtoto tayari anawajua. Kama huyo, mtu anayekula nanyi pilau. Anayo namba, anayo sababu ya kuandika, na anayo heshima yenu ya kujifichia.

Kumuita kiume yaishe kutaisha kwa namna mbili, atakana na kufuta kila kitu, au ataomba msamaha mumsamehe na mwezi ujao yuko nyumba ya tatu kutoka kwenu. Sitaki. Skrinshoti kwanza, tuisheni isimame kwa sababu yoyote utakayoitunga, na mtoto asiambiwe yeye ndo kaivunja. Kisha uende DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya huko kwenu, wana kitengo cha kulinda watoto chenye ofisi Nairobi na Mombasa, hapo kwenu ni karibu, au mpige 116, nanyi mnayo namba hiyohiyo. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imetaja waziwazi unyanyasaji wa mtoto kwa njia ya mtandao, kwahiyo asikuambie mtu kwamba hajamgusa basi hakuna kosa.

Jina la mtoto linalindwa kwa wewe kutolitembeza barazani. Nenda, rudi, kaa kimya. Mkeo muelewe ana hofu ya kweli, si kwamba hajali.

*

Shangazi shikamoo, mi niko Muscat nafanya kazi za ndani mwaka wa pili. Watoto wangu wawili wa kike, 13 na 10, nimewaacha Korogwe kwa mama yangu, nimewanunulia simu ili nipate kuwaona. Mama hajui hata kufungua simu. Nikisoma mambo haya naogopa. Nitawalindaje nikiwa huku?
Dada wa Muscat

Marahaba binti yangu, pole na kazi, najua simu hiyo ndo kamba pekee kati yenu kwahiyo hata sitakuambia uichukue.

Kabla ya simu yao tuanze na yako. Nimeingia kwenye TikTok za kina dada wa huko, zinaliza, picha ya mtoto, jina la mtoto, wimbo wa huzuni, na maneno "mama yuko mbali mwanangu vumilia". Tumeguswa sote, ila kuna mtu mmoja kasoma tofauti, kasoma kwamba huyu mtoto hana mama nyumbani na ana kiu ya kuitwa mwanangu. Akimfuata atamuita hivyohivyo. Zifute leo kama unazo.

WhatsApp ya mkubwa ingieni pamoja kwenye mipangilio ya faragha, mfungue sehemu ya magrupu muweke waliosevuwa tu ndo waweze kumuingiza kwenye grupu, na picha ya profaili nayo waione haohao. Kuna Family Link ya Google, ukiiunganisha kwenye simu yao unaweza ukiwa hukohuko Muscat kuweka simu ijifunge saa mbili usiku na kuzuia wasipakue programu bila wewe kuruhusu. Hakikisha saa uliyoiweka ni ya Korogwe, Oman mko mbele saa moja. Mwaka wa kuzaliwa kwenye TikTok uwe wa kweli, aliye chini ya miaka 16 meseji za faragha pale zimefungwa, ndo maana watoto wote wa mtaani "wamezaliwa" 2001. Wa miaka 10 hastahili kuwa na WhatsApp yake kabisa, umri wao wenyewe wameandika ni 13.

Bibi asipojua simu si neno, bibi anajua mjukuu. Mwambie vitu vya kuangalia vya macho tu: mtoto anageuza simu ukipita, vocha ambayo hujatuma, nguo au hereni imetoka kwa "rafiki", anaamka usiku, kaacha kula vizuri. Akiona kimoja akubipu, siyo ampokonye.

Na ukipiga usianze na "umesoma? umefagia?" maana hata mi ningekata. Muulize leo umecheka nini.

*

Tulikuwa tunafunga kurasa Mama wa Tabata akaandika tena, kaniruhusu niweke.

"Shangazi nilifanya ile ya unga. Siku ya kwanza hakusema kitu, nikakanda nikamaliza. Ya pili anasukuma chapati akaniambia mama yule kaka aliniambia anakuja kunipa simu Jumamosi nikutane nae stendi nisimwambie mtu. Jumamosi yenyewe ilikuwa ya wiki hiyohiyo. Nikaenda dawatini asubuhi hiyohiyo sijauza supu, dada mmoja wa polisi kaandika kila kitu kachukua na simu. Mtoto nimekaa nae Jumamosi nzima nyumbani. Baba yake katoka Tunduma usiku."